Neno Ambalo Mzee wa Fomu Hakuliandika

Kwetu Kiwalani kulikuwa na mzee aliyejaza fomu za mtaa mzima, na kulikuwa na neno moja ambalo hakukubali kuliandika. Meza yake ilikuwa kwenye baraza la duka la steshenari, pembeni ya mashine ya fotokopi, na miwani yake ilining'inia shingoni kwa uzi mweusi wa viatu. Cheti cha kuzaliwa, pasi, mkopo wa chuo, mirathi, yote aliyajaza kwa herufi kubwa zilizosimama wima. Lakini akifika kwenye nafasi ya mzazi, na mteja akasema, "Huyo alishafariki," kalamu ilikuwa inabaki hewani.

"Una hakika?"

"Nina hakika, Mzee."

"Ulimzika mwenyewe, au uliambiwa?"

Hapo mteja alikuwa anaanza kukereka. Mzee naye anaigeuza fomu, anaisukuma upande wa pili wa meza, anatoa na kalamu. "Marehemu andika mwenyewe. Mie hilo siandiki."

Watu walisema ni ushirikina. Wengine walisema anaogopa kwa sababu naye anakaribia. Mimi nilikuwa nacheka tu. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, nimeshaona watu wazima wenye vituko kuliko hicho. Kicheko kile leo kinanisuta.

Tulimwita Mzee wa Fomu. Jina lake kamili nalijua, limepita mikononi mwangu kwenye daftari la wapiga kura si mara moja, lakini sitalitaja. Ukuta wa uwani kwake ndio ukuta wa jikoni kwangu, na kwa miaka karibu ishirini nimejua siku aliyokaanga samaki na siku aliyokunywa chai kavu. Mtu niliyedhani namjua hivyo, nilikuwa simjui.

Alikuwa raia wa tajnisi, yaani raia wa kuomba na kupewa. Alikuja ujanani kutoka ng'ambo ya Ruvuma, na jambo hilo hakulificha hata kidogo. Kinyume chake, alitutesa nalo. Vijana wakikaa barazani kwake kusubiri fotokopi, aliwauliza ubeti wa pili wa wimbo wa taifa. Wakishindwa, anatikisa kichwa kwa masikitiko makubwa, kisha anauimba mwenyewe, amesimama, mikono ubavuni, mpaka mwenye duka anapunguza redio. Aliwauliza mikoa inayopakana na ziwa fulani, na wajibu wa raia ni upi. "Mie haya niliulizwa na watu watatu, wamekaa mbele yangu na koti," alisema. "Nyie mmepewa bure, ndo maana hamyajui."

Siku ya uchaguzi mimi huwa karani wa kituo, maana kazi hiyo walimu ndio huazimwa. Kituo chetu ni darasa la nne B. Tukifungua mlango saa moja asubuhi, wa kwanza kwenye foleni ni yeye, koti la kijivu, viatu vimepigwa rangi, kadi ameishika kwa mikono miwili. Aliwasalimu mawakala wa vyama mmoja mmoja. Akishapewa karatasi, alikuwa anaingia kwenye kituturi cha kupigia kura na kukaa humo hadi watu nje wakaanza kuguna.

"Mzee, kuna tatizo?" tulimuuliza mara moja.

"Hakuna. Nasoma."

Karatasi yenyewe ilikuwa na picha tatu na majina matatu. Akitoka, alikiangalia kidole chenye wino kwa muda, na siku nne tano zilizofuata hakukisugua kabisa. Mama mmoja wa jirani alikuwa akimtania kwamba atakula wali kwa kijiko hadi wino uishe.

Uchaguzi mmoja kijana nyuma yake alisema kwa sauti, ili asikike, "Hawa wa kuja ndo wanawahi foleni, sie wenyewe tuko nyuma."

Mzee akageuka taratibu. "Mwanangu, wewe umeshawahi kuulizwa kama unaitaka nchi hii?"

"Niulizwe na nani?"

"Basi mie niliulizwa. Nikasimama, nikaapa, na kule nilikotoka nikakukana kwa mdomo huuhuu. Sasa nipishe, naingia."

Foleni nzima ilicheka, na kijana akacheka nayo. Mzee hakucheka. Nilikuwa mlangoni, nikamwona anajifuta jicho kwa kiganja, nikadhani ni vumbi la uwanja.

Alikuwa na maneno yake ya kazi. "Fomu haina uso, huwezi kuibembeleza." "Andika unalolijua, unalolisikia liache kwa wenye midomo." Akikushuku unadanganya umri wa mtoto ili aanze shule, alikufungia kalamu na kukuambia uende kwa mwingine. Nilimpenda kwa hilo. Mimi mwenyewe nilipeleka kwake wazazi wa darasa langu, nikawaambia, nendeni kwa yule mzee, yule hasemi uongo.

Jambo moja tu lilinichoma. Novemba sisi Wakatoliki huwaombea marehemu wetu, na kwenye jumuiya yetu tunaandika majina yao kwenye karatasi ili yasomwe misani. Kila mwaka mama mwenyekiti alimkumbusha, "Mzee, na binti yako je?" Kila mwaka alijibu, "Mwacheni." Aliandika jina la mama yake na la baba yake, la binti hakuandika. Kina mama walimwona bahili wa sala. Mimi niliona ni moyo mgumu, na nilikuwa na haki ya kuona hivyo, kwa sababu binti huyo mimi nilimlilia.

Ulikuwa mwaka niliohamia mtaani, wiki ya tatu tu. Nilirudi kazini mchana nikakuta turubai limefungwa nje kwake na wanawake wanatandika mikeka. Wakaniambia jirani yako amefiwa. Ana binti wa miaka tisa, Rozalina, anayelelewa upande wa mama yake kule ng'ambo. Ameugua, amefariki, wameshamzika huko huko. Maiti hakuna, lakini msiba ni msiba. Nikavua viatu, nikajifunga kanga, nikaingia jikoni kupika uji na watu nisiowajua majina.

Tulikaa siku tatu. Tulisali rozari, tuliimba, mjumbe wa shina alikuja kila siku na daftari lake. Mzee alikaa mkekani na shuka mabegani, hakulia, hakula. Tukasema amekufa ganzi. Mimi nilikuwa nimemzika mwanangu wa kwanza mwaka uliotangulia, kule Bukoba, na tangu siku ile sikuwa nimelia mbele ya watu. Nilimlilia Rozalina hadi wakaniletea maji. Siku ya tatu matanga yakaanuliwa, mjumbe akaandika barua kuthibitisha kwamba mkazi wake amefiwa na mtoto, akagonga muhuri, na kila mtu akarudi kwake.

Miezi kadhaa baadaye Mzee alinionyesha gazeti. Anayeomba uraia hutangazwa, ili mwenye sababu ya kupinga aandike aseme. Lilikuwa tangazo dogo, jina lake na mtaa wetu. Gazeti lilikuwa linatetemeka mikononi mwake.

"Mbona unatetemeka, Mzee?"

"Baridi, Mwalimu."

Ilikuwa Februari. Joto la Dar mwezi wa pili unalijua.

Basi miaka ikaenda. Rozalina alibaki kwenye kumbukumbu zetu kama mtoto wa miaka tisa, na kila nilipopita uwanja wa shule nikaona mabinti wa umri ule wanaruka kamba, nilimhesabu naye.

Miaka michache iliyopita akaja kwa Mzee msichana mkubwa, mweusi, mrefu, mwenye mkoba wa kitambaa. Mzee akamzungusha nyumba kwa nyumba. "Huyu binti wa dada yangu. Anaitwa Tereza. Kwetu mjomba ndiye mwenye mtoto, kwa hiyo amekuja kwake." Tukampokea. Kiswahili chake kilikuwa cha upande wa kwao, chenye maneno mawili matatu tusiyoyajua, na shikamoo aliitoa akiwa ameinama kidogo. Alimwita Mzee "Mjomba", lakini kila mara neno lilichelewa kutoka, na Mzee alikuwa anaitika kabla halijaisha.

Alipocheka niliona sura ya Mzee. Nikasema damu ya ukoo hiyo, sikufikiri zaidi.

Jumamosi moja tulikuwa tunafua uani kwangu, mimi na yeye, kila mtu na beseni lake. Nilitaka kumwonyesha upendo. Nikamwambia, "Mwanangu, pole na binamu yako. Najua ni siku nyingi, lakini sisi hapa tulimlilia sana."

"Binamu gani, Mwalimu?"

"Binti wa mjomba wako. Rozalina."

Akaacha kufua. "Mlimlilia vipi?"

Nikamweleza yote, turubai, rozari, uji, barua ya mjumbe. Nilidhani namfariji. Nikamwambia hata kwamba mimi mwenyewe nililetewa maji. Povu lilikuwa linamchuruzika hadi viwikoni na yeye hajui.

"Rozalina ni mimi," akasema.

Nakumbuka nilitazama miguu yake kama inagusa chini. Naona aibu kulisema, mimi mtu niliyesoma, lakini ndivyo nilivyofanya. Akaniambia baba yake ndiye aliyemtaka ajiite Tereza na amwite Mjomba, eti mpaka karatasi zake zikamilike.

Mzee aliporudi kutoka kwenye meza yake alimkuta amesimama mlangoni, na mimi nyuma yake, nimeshindwa kuondoka. Rozalina hakumwamkia. Alimuuliza, "Baba, nilikufa kwa ugonjwa gani?"

Mzee alitutazama wote wawili. Akaweka mkoba wake wa fomu chini.

"Homa," akasema.

Kisha akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa akatueleza. Fomu ya uraia ilitaka watoto wote walio chini ya umri, na kila mmoja na cheti chake na picha yake. Alikwenda ng'ambo mara tatu kuomba karatasi za mtoto. Mjomba wa mtoto, kaka wa mama yake, alimkatalia. Kwa desturi yao mtoto ni wa ukoo wa mama, na mjomba ndiye msemaji. Alimwambia, baba ni mgeni tu aliyekaribishwa, mtoto wetu hatumwandikishi nchi ya watu. Akarudi mikono mitupu. Faili likasimama mwaka mzima. Ndipo mwandishi wa barua mmoja, yule aliyemrithisha meza ile, akamwambia, "Andika marehemu, mambo yaishe. Maiti hadaiwi cheti."

"Nikaandika," Mzee alisema. "Halafu nikaambiwa watakuja kuuliza majirani. Nikaogopa. Nikafunga turubai."

"Mie nilikuwa nafanya nini siku hizo?" Rozalina aliuliza.

"Sijui, mwanangu. Labda ulikuwa unacheza."

"Basi nenda ukarekebishe. Kawaambie nipo."

"Nilikula kiapo juu ya karatasi ile. Nikisema nilidanganya, wanaweza kunivua uraia. Na uraia wa kule nilishaukana. Nitakuwa mtu wa wapi?"

"Na mie ni wa wapi? Kule nimeaga naenda kwa baba. Hapa nimekuta kaburi langu."

Mzee akaanza kumbembeleza. Angemwombea kibali cha kuishi kama mpwa wake. Angekaa naye, angerithi nyumba. Mtaa umeshazoea, na kwao mjomba ni zaidi ya baba, kuna ubaya gani kuitana hivyo? Rozalina alimsikiliza hadi mwisho. Akasema, "Mjomba aliyeninyima karatasi nimemwacha kule. Sikuvuka mto kutafuta wa pili. Niite mwanao mbele ya hawa watu, au nirudi."

Nilisubiri. Naapa nilikuwa nasali. Mzee alitazama mkoba wake pale chini, akasema, "Nipe muda."

Kibali cha Rozalina cha kutembelea kilikuwa kimebakiza wiki tatu. Alimpa huo muda wote, hakupunguza siku. Siku kilipoisha aliondoka na mkoba wake wa kitambaa. Alinipa namba yake ya simu na kuniambia, "Asante kwa kunililia, Mwalimu. Wengine hawapati kujua kama wataliliwa."

Uchaguzi ulikuja miezi mitatu baadaye. Saa moja asubuhi, wa kwanza, koti la kijivu. Nilimchukia siku ile. Nilitafuta jina lake kwenye daftari, nikaliona na picha yake, nikatia alama, na alipokuwa ndani ya kituturi anasoma, nilitamani kumwendea na kumuuliza hiyo kura anampigia nani, na kwa jina la nani. Sikufanya. Nilimchovya kidole kwenye wino nikamwambia apite.

Na bado alibaki mkali kwa wateja wake. Hilo ndilo lililonishinda kuelewa. Nilimsikia akimfukuza mwanamke aliyetaka kumwandika mtoto wa mdogo wake kama wake. "Utakuja kukosa pa kumweka," alimwambia. Mwanamke alitoka akitukana. Mzee alikaa na fomu ile tupu mbele yake mchana kutwa.

Baadaye kule kwao kukawa na vurugu. Watu wakahama vijiji, wengine wakavuka kuja upande huu, wengine hawakujulikana walipo. Namba ya Rozalina ikawa haipatikani. Mzee alipiga asubuhi, alipiga mchana. Alikuja kwangu akaomba nipige mimi. "Labda simu yangu ndo ina ishu," alisema. Nikapiga, ikawa vilevile. Akaazima ya mwenye duka, akaazima ya wateja. Alikuwa anawauliza watu wa kwao wanaouza vinyago na wale wa sokoni kama kuna aliyemwona binti mrefu, mweusi. Walimuuliza ni nani wake. Mwanzoni aliwajibu ni mpwa. Kisha nikamsikia siku moja barazani, mbele ya foleni nzima ya fotokopi, akijibu, "Mwanangu wa kumzaa." Watu walitazamana. Wazee wanaokumbuka turubai walifanya ishara ya msalaba.

Uchaguzi uliofuata hakuja. Tulifungua mlango, wa kwanza alikuwa mama muuza maandazi. Nilitazama mlango hadi saa kumi tulipofunga, na kwenye daftari sura yake ilikuwa inanitazama bila alama.

Wiki iliyofuata alikuja shuleni, saa nne, watoto wako mapumziko. Alikuwa amekonda. Alikaa kwenye benchi la ofisi ya walimu na bahasha ya kaki magotini.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, Mwalimu. Nimekwenda."

"Umekwenda wapi?"

"Ofisini. Nimewaambia nilidanganya. Nimewaambia mwanangu hakufa."

Nilifunga mlango. "Wamekufanyaje?"

"Hawajanifanya kitu. Kijana mmoja mpole akaniambia nikae, akaandika yote. Akasema faili litakwenda kwa wakubwa, nisubiri. Wanaweza kuniacha, wanaweza kunivua."

"Ndiyo maana hukuja kupiga kura? Jina lako lilikuwepo."

"Najua. Sikuzuiwa na mtu. Lakini nitatumbukizaje kura kabla sijaambiwa kama bado ni yangu?"

Akafungua bahasha. Alitaka kiapo cha shahidi, maana neno lake mwenyewe kwenye faili lile sasa halina uzito. Alitaka mtu aliyekuwepo kwenye matanga, na ambaye baadaye alimwona Rozalina kwa macho, akijua ndiye. Faili likisahihishwa, akitokea popote, ataweza kuja kwa jina lake, kwa baba yake. Mtu huyo nilikuwa mimi peke yangu.

Nikachukua karatasi. Alinitajia maneno, nami nikaandika, kwamba nilikaa matanga siku tatu, kwamba nilifua naye nguo uani kwangu. Kisha akasema, "Kwa hiyo nathibitisha kwamba Rozalina, binti wa mwombaji, yu hai."

Nikasimamisha kalamu. "Mzee, niandike nilimwona akiwa hai. Hilo nalijua."

"Ulimwona ni habari ya zamani. Andika yu hai."

"Umempata kwenye simu?"

"Hapana."

"Kuna aliyemwona?"

"Hapana."

Nje kengele ililia, watoto wakaanza kukimbilia madarasani, na darasa langu lilikuwa linanisubiri. Mimi ni mwalimu wa serikali. Kiapo cha uongo kinanifukuza kazi, na zaidi ya hapo, kwa kiapo cha uongo nilikuwa nimemchukia mtu huyu miaka yote hiyo.

"Mwalimu," akasema, "mie nilimuua kwa kalamu akiwa anacheza. Sasa hivi sijui yuko wapi, sijui anakula nini. Dunia nzima kuna karatasi moja tu yenye jina lake na langu, na inasema amekufa. Nataka iwepo nyingine. Sina kingine cha kumpa."

Nikaandika yu hai. Nikatia saini na jina langu kamili. Jioni ile tulikwenda kwa wakili kule Tabata, nikainua mkono wa kulia, nikaulizwa kama niliyoyaandika ni kweli, nikajibu ni kweli. Tangu siku hiyo, kila asubuhi kabla ya kwenda shule, na mimi naipiga ile namba.